Waya upi kwa gari lipi: kidude cha simu, kebo ya laptopu, au mashine ya gereji

Njia za shamba za Mvumi, huku Dodoma, zina mawe na makorongo, na masika makorongo hayo yanaongezeka kila wiki. Jioni moja nilitoka huko na Toyota IST yangu, nilipofika lami taa ya ABS, ule mfumo wa breki unaozuia matairi kujifunga, ikawaka. Breki zilishika kama kawaida, nikaendelea na safari. Kesho yake nikaingia gereji. Fundi, kijana mchangamfu, akachomeka kidude cheusi chini ya usukani, akafungua simu, akasubiri kidogo.

"Bosi, gari haina kosa. Kompyuta inasoma safi kabisa."

"Na hiyo taa?"

Akaitazama kama vile ndiyo kwanza anaiona. "Hiyo itakuwa sensa ya mbele kulia. IST ndiyo ugonjwa wake."

Tukabadilisha sensa hiyo, yaani kipimo cha mwendo wa tairi la mbele kulia. Taa ikabaki pale pale, hela imeshatoka.

Nilichokuja kuelewa baadaye ni kwamba kidude hakikudanganya. Kilikuwa kinaongea na kompyuta ya injini peke yake, na injini haikuwa na shida. ABS ina kompyuta yake, na hiyo hakuna aliyeiuliza. Tangu hapo nimenunua kidude kama kile, kisha kebo ya laptopu, kisha kebo nyingine ambayo mpaka leo imelala kabatini kwa sababu niliinunua kwa gari isilolijua. Mimi si fundi wa gereji. Ni mtumishi wa kawaida anayeishi Nkuhungu, ila majirani wakiona taa imewaka wananigongea mlango. Naandika haya kwa mtu anayetaka kutoa hela yake mara moja tu.

Soketi ni moja, lugha ni nyingi

Kinachowapotosha wengi ni umbo la soketi. Chini ya usukani wa karibu kila gari dogo tunaloendesha hapa kuna soketi ya pini 16, safu mbili za nane nane. Kidude chochote kitaingia. Lakini kuingia si kuelewana. Ndani ya soketi ile ile, gari moja linaongea kupitia pini ya 7, ambayo mafundi wanaiita K-line, na jingine linaongea kupitia pini ya 6 na ya 14, yaani CAN, njia ya magari mapya zaidi. Pini ya 16 ni umeme wa betri moja kwa moja, ya 4 na ya 5 ni ethi, yaani upande hasi. Mbali na pini, kila kampuni ina maneno yake ya ndani ambayo mwenzake hayajui.

Marekani ililazimisha magari yake yote madogo kuanzia ya mwaka 1996 yatumie lugha ya pamoja kwa mambo ya injini, ile inayoitwa OBD2. Ulaya ikafuata mwaka 2001 kwa magari ya petroli, ya dizeli yakaja baadaye kidogo. Mwaka 2008 Marekani ikaongeza kwamba yote yaongee kwa CAN. Sisi huku magari yetu mengi hayakutengenezwa kwa ajili ya Marekani wala Ulaya. Yalitengenezwa Japani kwa matumizi ya Wajapani, yakatembea kule miaka saba au kumi, ndipo yakapanda meli kuja Dar. IST, Raum au Spacio ya mwaka 2003 ina soketi ya pini 16 kama zote, lakini haikulazimika kufuata sheria ya mtu. Programu ya simu iliyoandikwa kwa Camry ya Marekani inaweza kuibishia hodi ukachoka.

Hata utambulisho wa gari ni tofauti. Programu nyingi zitakuuliza namba ya gari yenye herufi na tarakimu 17. Gari la soko la Japani halina hiyo. Lina namba fupi ya fremu, kama NCP60 halafu mstari halafu tarakimu, na ndiyo hiyo iliyo kwenye kadi yako ya gari. Programu ikikuambia "namba haikupatikana", usidhani umeibiwa gari. Ndivyo lilivyo.

Kidude cha simu

Hiki ndicho alichokuwa nacho yule kijana. Kinaitwa ELM327 kwa jina la chipu iliyobuniwa na Elm Electronics ya Kanada, kampuni iliyofunga shughuli zake mwaka 2022. Unavyoviona madukani, Kariakoo hata hapa mjini, karibu vyote ni nakala. Hilo peke yake si ubaya, tatizo ni kwamba nakala hazilingani. Kwenye boksi utaona imeandikwa toleo 1.5 au 2.1. Elm hawakuwahi kutoa toleo la 1.5. Walitoka 1.4 wakaenda 2.0. Kwa hiyo kidude cha 1.5 kinakiri kwa maandishi kwamba ni cha kuiga. Ajabu yake, mara nyingi hicho cha 1.5 ndicho kinachofanya kazi vizuri zaidi, kwa sababu nyingi ya nakala za 2.1 zimepunguzwa uwezo, na kinachopunguzwa kwa kawaida ni amri na lugha za magari ya zamani. Kwa mwenye Harrier mpya hilo halimhusu. Kwa mwenye Raum ndilo jambo lenyewe.

Kabla ya kununua angalia simu yako. Kama ni Android, kidude cha bluetooth cha kawaida kinatosha, namba ya kuunganisha ni 1234 au 0000. Kama ni iPhone, hicho hakitaonekana kabisa. Wewe unahitaji cha Wi-Fi, au kile cha bluetooth ya matumizi madogo ya umeme ambacho kwenye boksi kimeandikwa kinakubali iPhone. Nimeshaona watu wawili wakirudishana dukani kwa ajili hii tu.

Programu ninazotumia ni Torque na Car Scanner. Ya pili ina orodha ndefu ya magari ya kuchagua, yakiwemo ya soko la Japani, na hapo ndipo wengi wanapokwama. Wanaiacha programu ijitafutie lugha yenyewe, inashindwa, wanasema kidude kibovu. Ingia kwenye mipangilio, chagua Toyota, chagua aina inayotaja Japani au K-line, jaribu tena swichi ikiwa imewashwa. IST yangu ilikataa mara tatu kwa mpangilio wa kawaida, ikakubali mara ya kwanza nilipochagua wa Kijapani.

Kikikubali, kidude hiki kina thamani kubwa kuliko bei yake. Kinasoma namba za hitilafu za injini, zile zinazoanza na P. (Mafundi wanaziita kodi, na mama mmoja jirani yangu alitishika sana alipoambiwa gari lake lina kodi nne, akauliza kama ni za TRA.) Kinaonyesha joto la maji ya injini kwa nyuzi, jambo ambalo Vitz na Passo hazikupi. Zenyewe zina taa ya bluu na nyekundu tu, na nyekundu ikiwaka umeshachelewa. Nikipanda mlima wa Kolo kuelekea Babati naiweka simu kwenye dashibodi naangalia namba. Ikicheza kwenye 90 na kidogo, naendelea na hadithi. Ikianza kupanda bila kushuka, natafuta pa kuegesha.

Mfano mwingine wa kazi yake halisi. Spacio ya jirani ilikuwa inatetemeka ikisimama kwenye taa za barabarani. Kidude kikatoa P0301, maana yake silinda namba moja hailipui mafuta vizuri. Kwa mazoea tungeambiwa tununue koili zote nne na plagi zake. Tulichofanya ni kuhamisha koili ya silinda ya kwanza kwenda ya pili, na ya pili kuja ya kwanza, tukafuta namba, tukazunguka mtaa. Ikarudi P0302. Ugonjwa umehama na koili, basi mgonjwa ni koili. Akanunua moja. Kama namba ingebaki P0301 baada ya kuhamisha, tungegeukia plagi, kisha nozeli, kisha mgandamizo wa silinda yenyewe.

Mipaka yake ndiyo ile niliyoanza nayo. ABS, mito ya hewa, usukani wa umeme, funguo, kwa magari mengi ya zamani ya Kijapani kidude hakifiki huko, au kinafika nusu nusu kutegemea programu. Halafu usikiache kimechomekwa usiku kucha. Pini ya 16 ina umeme hata swichi ikiwa imezimwa, na betri iliyochoka itakulaza nje asubuhi.

Wenye Aqua na Prius, yaani hybrid zinazotumia petroli na umeme, nawaambia wasitafute kingine kwanza. Kidude kizuri cha bluetooth pamoja na programu ya Dr. Prius kinakuonyesha volti za betri kubwa fungu kwa fungu, na ukiona fungu moja linashuka peke yake ukikanyaga mafuta, umeshajua ugonjwa uko wapi kabla hujauziwa betri nzima. Kwa anayekwenda kununua hybrid ya mkononi, asiende bila hicho.

Kebo ya Toyota na Techstream

Techstream ni programu ya Toyota wenyewe, iliyotengenezwa kwa ajili ya wakala. Inafungua kompyuta zote za gari: injini, gia, ABS, mito ya hewa, kiyoyozi, funguo. Kebo ya bei nafuu inayoiunganisha na gari inaitwa Mini VCI, upande mmoja pini 16, upande wa pili USB. Inauzwa Kariakoo. Yangu ilikuja kwa basi, nikaipokea stendi kuu ya Nanenane ikiwa imefungwa na gazeti.

Hapa ndipo ninapotaka msomaji atulie, maana uzito wa kebo hii uko kwenye laptopu kuliko kwenye kebo. Draiva yake, ile programu ndogo inayoiwezesha laptopu kuitambua kebo, iliandikwa kwa Windows za zamani za biti 32. Kwenye Windows 7 ya biti 32 inakubali bila maneno. Kwenye Windows mpya za biti 64 inabidi unakili mafaili kwa mkono na kugusa sehemu za ndani za mfumo, na sasisho moja la Windows linaweza kukurudisha ulikotoka. Njia iliyonifaa ni laptopu chakavu ambayo haifanyi kazi nyingine, nikaiwekea Windows 7 ya biti 32, sijaiunganisha na intaneti tangu siku hiyo. Laptopu ya ofisini usiiguse kabisa. Sidi inayokuja na kebo mara nyingi ni nakala isiyo halali ya programu, na kwenye moja niliyopewa na rafiki programu ya kuzuia virusi ilipiga kelele kabla hata haijafunguka. Toyota wanauza ruhusa halali ya muda kwa njia ya mtandao. Gereji inayofanya biashara ingetakiwa iende njia hiyo.

La pili ni eneo. Ukiifungua Techstream mara ya kwanza inakuuliza uko soko gani: Ulaya, Marekani Kaskazini, Japani, kwingineko. Watu wanachagua "kwingineko" kwa kuwa wako Tanzania. Swali linahusu gari lilikotengenezewa, halihusu wewe unakoishi. Chagua Japani kwa gari lililotoka Japani, la sivyo hutaona IST wala Noah kwenye orodha. Kwa Hilux au Land Cruiser zilizonunuliwa mpya hapa nchini, hapo sasa chagua hiyo "kwingineko".

La tatu, kebo zenyewe. Kuna nakala zinazosoma magari ya CAN tu na kunyamaza kwenye K-line. Kwa hiyo mwenye gari la zamani amwambie muuzaji gari lake ni la mwaka gani na akubaliane naye kuhusu kurudisha. Kwa upande wa pili, Toyota za miaka ya karibuni zimeanza kuikimbia kebo hii, inasoma vipande au haisomi. Nguvu yake iko katikati, na katikati hapo ndipo yalipo magari mengi ya mtaani kwetu.

Nilipoipata nikakaa kiti cha abiria laptopu magotini, mpwa wangu akaendesha taratibu kwenye mtaa wetu. Jua la Dodoma saa nane mchana halikuruhusu kuona kitu, nikajifunika kitenge kichwani kama mpiga picha wa zamani. Kwenye skrini nikafungua mwendo wa matairi manne. Namba zikasimama pamoja: 18, 18, 18, na ya nne sifuri. Akaongeza mwendo: 25, 25, 25, sifuri. Namba ya hitilafu ilikuwa C0205, sensa ya mbele kushoto. Ile ya kulia tuliyobadilisha haikuwa na kosa lolote.

| | Kidude cha simu | Mini VCI na Techstream |
|---|---|---|
| Kinahitaji | Simu uliyonayo | Laptopu ya zamani, ikibidi ya kutengwa |
| Kinaongea na | Injini ya magari mengi, ya kampuni yoyote | Toyota na Lexus, kompyuta zote |
| ABS na mito ya hewa | Hapana, au kwa kubahatisha | Ndiyo |
| Nililipa | 30,000 | 110,000, bila laptopu |
| Muda mpaka kinafanya kazi | Dakika kumi | Jumamosi mbili |
| Kinaweza kuharibu? | Kidogo sana | Ndiyo, ukibofya usichokijua |

Mstari wa mwisho wa jedwali nauongezea neno. Techstream ina sehemu ya huduma ambako unaweza kufuta funguo, kurekebisha upya sensa, kubadilisha tabia za milango na taa. Kusoma namba na kuangalia mwendo wa matairi hakuna madhara. Kuingia kule kwa udadisi, betri ikiwa dhaifu na kebo inachezacheza, ndiko kunakomfanya mtu avutwe kwa kamba.

Kitu ambacho hakiuzwi

Nikampelekea laptopu yangu fundi umeme mmoja mzee wa Chang'ombe ili aniangalizie hiyo ya mbele kushoto. Nilikuwa na furaha ya mtu aliyegundua dhahabu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mbukwenyi. Hebu ifunge hiyo kompyuta yako kwanza."

Akachukua kibanio cha karatasi, akakinyoosha, akakikunja kama herufi U. Akainama chini ya usukani na tochi mdomoni, akahesabu pini kwa ncha ya kidole, akachomeka ncha moja kwenye ya 4 na nyingine kwenye ya 13. Akawasha swichi bila kuwasha injini. Taa ya ABS ikapepesa mara tatu, ikatulia kidogo, ikapepesa mara mbili. Ikatulia zaidi, ikarudia.

"Thelathini na mbili. Mbele kushoto. Ndivyo ilivyokwambia?"

Ndivyo ilivyoniambia, kwa laki moja na elfu kumi na Jumamosi mbili. Toyota nyingi za kipindi kile zina njia hii. Taa inahesabu yenyewe: 31 ni mbele kulia, 32 mbele kushoto, 33 nyuma kulia, 34 nyuma kushoto. Waya ulikuwa umekatikia ndani ya ganda lake nyuma ya tairi, kwa nje mzima, ukiupinda unalegea. Akauunga kwa lehemu, akauvisha mpira, taa ikazimika.

Ukitaka kujaribu, hesabu pini mara mbili. Ukikosea ukagusa ya 16, huo ni umeme wa betri unaupeleka ethi kwa kibanio cha karatasi, na cha kwanza kuungua ni fyuzi ukibahatika. Wala njia hii haikuonyeshi namba zikitembea gari likiwa mwendoni. Inataja jina la mgonjwa, basi.

Kama si Toyota

Hapa nitapita haraka kidogo kwa sababu mengine nimeyafanya mara moja moja.

Subaru Forester za miaka ya 2002 hadi 2007, ile SG5 iliyojaa mjini, zinaongea K-line. Programu ya bure ya FreeSSM pamoja na kebo ya KKL inaingia mpaka kwenye gia. KKL ni kebo ya bei rahisi sana, isiyo na akili yake, inapitisha tu mazungumzo ya K-line. Hiyo hiyo ndiyo iliyolala kabatini kwangu: niliinunua kwa ajili ya Golf ya shemeji, ambayo ni ya CAN. Kwa Volkswagen na Audi za zamani, kabla ya katikati ya miaka ya 2000, KKL na VCDS-Lite vinatosha. Baada ya hapo unahitaji kebo ya Ross-Tech wenyewe, wenye programu ya VCDS. Nakala zake zipo, nyingi tu, na zina ugonjwa mmoja unaojulikana: ukiiruhusu programu ijisasishe mtandaoni, kebo ya kuiga inakufa.

Nissan hapa ni X-Trail na Dualis. Nissan nyingine, za mwisho wa miaka ya 1990, zinaweza kuwa na soketi ya kijivu ya pini 14, na hapo kidude cha pini 16 hakiingii hata ukisukuma. X-Trail ya kwanza, T30, ina pini 16 lakini ni ya K-line, na Car Scanner inabidi uiambie ni Nissan ya Kijapani. T31 ya kuanzia 2007 ni CAN, haina usumbufu. Kwa T30 inayozima ovyo injini ikipata moto, P0335 au P0340 ndizo za kutazamia kwanza: sensa za krenki na kamshafti za injini ya QR20 zina sifa hiyo dunia nzima.

BMW isikupotoshe kwa bei ya gari. Za E90 au X3 ya E83 zinatumia kebo ya K+DCAN ya USB na programu ya INPA, na chagua yenye swichi pembeni, kwa sababu za kabla ya 2007 zinataka pini ya 7 na ya 8 ziunganishwe na za baadaye zinataka zitenganishwe. BMW mpya zaidi, zile ambazo jina lao la ndani linaanza na F, zinatumia kebo ya ENET, ambayo upande wa pili ni ule ule wa waya wa mtandao. Kebo ya moja haisaidii nyingine.

Mazda na Ford zinakwenda na FORScan, na kwa magari ya CAN naipa alama za juu kuliko zote kwa kazi inayofanya na kidude cha bei ndogo. Ila kiwe kile chenye swichi, kinachoweza kuhama kutoka pini ya 6 na 14 kwenda ya 3 na 11, maana magari haya yana mtandao wa pili hapo kwa ajili ya milango, taa na vya ndani. Mwenye Ranger ananielewa.

Mashine ya kishikwambi

Launch X431 na Autel ndizo ninazoziona kwenye gereji zinazojiheshimu. Zinasoma karibu kila gari, mfumo kwa mfumo, na fundi hahitaji kujua K-line ni nini. Bei yake inakaribia ya bodaboda mpya, nyingine inapita, na muda wa masasisho ukiisha unalipia tena. Kwa mwenye gari moja ni kununua basi ili uende sokoni. Mlipe fundi mwenye nayo, na umwombe akuonyeshe ukurasa wenye namba zote, za injini na za ABS na za mito ya hewa, uzipige picha kabla hajafuta.

Kati ya hizo na kidude cha simu kuna kama Autel AP200 na Thinkdiag. Ni vidude vya bluetooth vyenye programu yake, unapewa kampuni moja ya gari bure, nyingine unalipia. Kwa nyumba yenye Toyota ya mama na Forester ya baba, hii ndiyo ningeichukua leo badala ya kujaza kabati nyaya. Inafungua ABS na mito ya hewa kwa simu, hakuna laptopu ya kutunza. Shaka langu ni moja: siku kampuni ikiamua kuzima huduma zake za mtandaoni, kidude kinabaki kipande cha plastiki. Techstream yangu ya Windows 7 haina wa kumwomba ruhusa.

Kabla hujaniuliza

Watu wananiandikia "nishauri waya wa gari", basi. Nawajibu nitumiwe picha tatu: ukurasa wa kadi ya gari wenye namba ya fremu na mwaka wa kutengenezwa, soketi yenyewe kwa karibu ikiwa imemulikwa na tochi, na dashibodi swichi ikiwa imewashwa ili nione ni taa ipi. Kwenye picha ya soketi naangalia pini zilizopo. Matundu ya 6 na 14 yakiwa na chuma, CAN ipo. Yakiwa matupu na la 7 lina chuma, hilo ni gari la K-line, na nusu ya vidude vya dukani vimeshatoka kwenye mashindano. Na kama ni lori au Coaster ya volti 24, vidude hivi vya bei ndogo vimetengenezwa kwa volti 12. Usijaribu bahati.

Wiki iliyopita shemeji yangu wa Manyoni amepata Land Cruiser hardtop kutoka kwenye mnada. Akanipigia kwamba ameshaagiza kidude Dar, kiko njiani kwenye basi, ila haoni pa kukichomeka. Nikamwambia anitumie picha. Akatuma ya chini ya usukani, akatuma ya upande wa abiria, akafungua boneti akatuma na ya injini. Injini ni 1HZ, dizeli ya pampu, sindano za mafuta zinafanya kazi kwa msukumo wa pampu yenyewe, kompyuta haina.

"Kwa hiyo nichomeke wapi, shemeji?"

Nikamwambia kidude amtunzie dada yangu, Vitz yake ina taa ya njano tangu Krismasi.